Machungwa ya Kwanza ya Muti ya Lusenge

Mu Butembo yote, toka Furu mpaka Katwa, hakuna mutu mwenye anapikaka samaki kupita Nadège. Musibishane na mimi. Nimekula ndoa ya batoto ya bacommerçant, nimekula ku meza ya ba-abbé ba kanisa, nimekula matanga toka Kirumba mpaka Mangina, hata matanga ya batu benye sikuwajua. Masomo yangu iliishia mwaka ya tano primaire, lakini ile ya tano niliirudilia mara mbili, donc muhesabu vizuri, ni kama saba. Mu mambo ya mudomo na tumbo, mimi ni professeur.

Nadège si mutoto yangu. Ni bibi ya Lusenge, na Lusenge alikuwa mutoto ya dada yangu mukubwa, Kyakimwa. Mimi njo muyomba, ndugu ya mama yake. Lusenge alikufia Mangina mu mwaka elfu mbili kumi na nane, mu miezi ya kwanza ya Ebola, na alimuachia Nadège batoto banamuke bawili: Bénie wa miaka ine, na Sagesse mwenye alikuwa angali anakamata ziwa ya mama yake.

Sasa musikilize vile mwanamuke mwenye anajua kupika hivi alifika kukosa mutu wa kupikia.

Mbele ya ile magonjwa, hakuna feti wala ndoa mu Mangina yenye ilifanyika bila Nadège ku sufuria. Équipe ya kupiganisha Ebola ilipofika na magari yao, ilitafuta banamuke ba jikoni, na batu bakamutaja yeye wa kwanza. Chef ya ile jikoni alikuwa Jéthro, mwanaume mukubwa wa jimbo ya Équateur, mwenye alikuwa anaimba akipika na anaharibu nyimbo yote. Badaktari balikuwa banarudia magaribi, macho imeingia ndani, banataka kula mbio na kulala. Jéthro njo alimufundisha Nadège samaki ya machungwa: kazi ya dakika makumi tatu, unaanza kuwasha makala, hujamaliza kutukana jirani, chakula iko tayari. Mimi nilipoionja mara ya kwanza niliambia Nadège aongeze ndimu kiloko, matone tu. Aliongeza. Jéthro hakujua ile. Ndimu ni yangu.

Kisha Lusenge akashikwa na ile magonjwa. Alikuwa amebeba jirani mugonjwa ku mugongo yake mpaka ku hospitali, vile tu mutu wa kwetu anafanyaka. Ikapita siku kumi na mbili, naye akaingia mu hema ya bagonjwa, na hakutoka na miguu yake.

Dada yangu Kyakimwa alikuja ku maziko na bésini ya maji na sabuni mupya, haijafunguliwa. Kwetu, mutoto akikufa mbele ya mama yake, mama anamuosha. Alimuosha siku ya kwanza, anamuosha siku ya mwisho, na kazi yake inaisha. Batu ba équipe balimuonyesha kamba, bakamuambia asimame nyuma yake, maiti ya Ebola haiguswe. Alisimama na ile bésini ku kichwa mpaka wale batu ba manguo nyeupe walipomaliza kushusha mufuko mu shimo. Maji haikumwangika hata tone. Nilikuwa pembeni yake. Alirudi nayo ku nyumba, akaimwanga nyuma ya jikoni, na mu ile matope akasukuma mbegu ya chungwa na kidole. Hakueleza kitu. Sisi bote tulijifanya hatukuona.

Nani alibeba lawama? Nadège. Batu balisema alikula mushahara ya équipe na bwana yake njo alikuwa malipo. Bengine balisema aliletea Lusenge chakula ya kule jikoni kila magaribi, donc njo yeye alimuletea kifo mu sahani. Ilikuwa bongo, uongo mutupu, Lusenge alikuwa anakula ile samaki toka siku ya kwanza na alikuwa ananenepa. Lakini bongo ikishapata miguu, ni nani ataikimbiza? Kyakimwa yeye hakusema neno mubaya hata moja. Alifanya kitu kimoja. Ku matanga, Nadège alimuwekea sahani mbele, na yeye akaisukuma na mugongo ya mukono, pole pole, mpaka ikafika ku mupaka ya mukeka. Batu bote baliona. Toka ile siku, miaka saba, hakukula kitu yenye ilitoka mu mukono ya Nadège.

Nadège akahamia Butembo na batoto. Alijaribu kuuza chakula pembeni ya barabara. Siku tatu ilienda muzuri. Siku ya ine mwanamuke moja wa Mangina akapita, akasimama, akamuangalia, akauliza na sauti ya kanisa kama si ni yeye mupishi wa équipe. Sufuria ilirudi ku nyumba imejaa. Tulikula maharagi mpaka nikafikiri nitaota majani.

Sasa anachagua kahawa mu dépôt ya kuwekea magunia. Anakaa ku benchi na banamuke makumi ine, anatosha mbegu mubaya, anaacha muzuri. Siku moja nilimucheka, nilimuambia mikono ya kupika vile imekuwa mikono ya kuku, kudonoa tu. Hakucheka. Alisema ile kahawa inakunywewa mu inchi ya mbali sana, na kule hakuna mutu anauliza nani aliishika.  

Donc miaka miwili nilimupigia dada yangu simu kila dimanche, siku ya kanisa. Nilimubembeleza, nilimuchokoza, nilimuambia bajukuu banakua marefu na banafanana na mimi, masikitiko gani, akuje abaone mbele haijakuwa mbaya zaidi. Mwaka jana, mwezi ya sita, alisema sawa. Atakuja juma tatu ya mbele, atalala kwangu, na atasalimia batoto kwa mama yao. Nikauliza kama atakula kule.  Akasema, «Nitaona.»

Kwangu ile ilikuwa ndiyo. Nilikimbia kwa Nadège kumuambia, na nilisema vile ushindi yote ilikuwa yangu. Yeye aliniuliza kitu kimoja tu: «Muyomba, alisema atakula ao alisema ataona?»

«Alisema atakula,» nikamujibu. Ile ilikuwa bongo yangu ya kwanza, na ilikuwa kiloko.

Siku ikafika. Barabara ya Mangina mpaka Beni haikuwa ya kucheza nayo, batu ba silaha balikuwa mu pori, bamotari ba pikipiki banatembea kwa makundi na bananyamaza. Dada yangu mwenye miaka makumi saba na mbili alipita yote ile, Beni, Kalunguta, akafika ku parking ya Butembo saa tisa, vumbi mpaka mu kope, na mufuko moja amekumbata ku tumbo kama mutoto. Nilitaka kumubebea, alikataa. Ku moto, ile pikipiki yenye ilitubeba, mu ule upepo, alipaza sauti nyuma ya sikio yangu: mu mufuko kuna machungwa sita. Ile muti ya nyuma ya jikoni imezaa mara ya kwanza. Sita, hakuna ingine. Bénie na Sagesse bataikula magaribi, inje, mbichi, na mikono yao, yeye akishataja jina ya baba yao. Ile maji ya kumuosha njo iko mule ndani, akasema. Ni batoto yake njo banapashwa kuikunywa.

Nilisikia. Sisemi sikusikia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuelezea motari samaki ya Nadège, na mimi nikianzaka hadisi ninaimaliza.

Ku nyumba tulikuta batoto peke yao, Nadège alikuwa angali ku kahawa. Kyakimwa aliwashika nyuso, akawaangalia moja moja, hakulia. Akasema mugongo inamuuma, akaenda kulala kiloko ku kitanda yao. Mbele ya kulala alinipatia mufuko, akasema, «Uiweke muzuri.»

Mimi nikaiweka pembeni ya mbabula, jiko ya makala.

Lazima nieleze, juu kuna batu bataona ni kitu ya bure. Kwetu, mugeni wa heshima akileta kitu, kuna nafasi mbili ya kuiweka. Ukiiweka mu chumba, ni zawadi, inangoja. Ukiiweka pembeni ya moto, ni chakula, na mwenye nyumba anapashwa kuipika ile magaribi, mugeni asikie harufu yake mbele hajalala. Ukiilaza mpaka kesho, ni kama kumuambia hukuwa na njaa ya kitu yake. Na mama mukwe akiweka kitu pembeni ya moto ya bibi ya mutoto yake, ile ni kinywa chake kinasema: pika, nitakula. Mutoto wa miaka tano anajua ile. Mimi nilikuwa naijua mbele Nadège hajazaliwa. Lakini mbabula ilikuwa karibu na mulango, na kwa rafiki yangu Maliro, nyuma ya uzio ya lupango, kulikuwa kasiksi mupya, pombe ya ndizi.

Nadège alifika saa kumi na moja na robo, maganda ya kahawa mu nywele, na tilapia tatu ya Kyavinyonge mu sachet. Courant, umeme, hakuna. Na couvre-feu, amri ya batu kutotembea usiku, ile wakati haikuwa ya kuchezea, kama chakula inachelewa, mimi na dada yangu tungekamatwa mu barabara tukienda kulala. Aliuliza Bénie mukaka Kyakimwa alikuja na nini.

«Machungwa. Iko pale ku moto.»

Bénie njo alinielezea nyuma vile mama yake alifanya. Alisema aliangalia ule mufuko, akaangalia mulango ya chumba mwenye mukaka alikuwa analala, akaangalia tena ule mufuko. Kisha akakaa ku kiti ya kupikia, akafunika uso na mikono, na mabega yake ikatetemeka. Sagesse akauliza kama alichomwa. Akasema hapana. Akaosha mikono mara mbili, akafunga kikwembe, akasema, «Leo tutapika vizuri.»

Mimi nilimuona mara mingi akipika ile samaki, donc naweza kuwaelezea hata sikuwa pale. Anaipasua ku mbavu mara tatu, kila upande. Chumvi, ndimu yangu, pilipili ya kusaga. Mafuta inalia, samaki inaingia, na haigusi mpaka ngozi yenyewe inaachilia karai. Anaitosha. Mu ile mafuta yenye imebakia anatupa kitunguu saumu na tangawizi, kiloko, isiungue. Kisha maji ya machungwa, na kijiko ya asali. Hapa njo banamuke bengine banaharibu, banakimbia. Yeye anangoja mpaka ile maji inaanza kupiga mapovu makubwa ya uvivu, inashika kijiko, inakataa kuanguka. Samaki inarudia ndani, anaimwangia na kijiko, anaimwangia, mpaka inangaa kama viatu ya mwalimu siku ya Pasaka. Machungwa mbili inatosha.

Ile siku alikamua yote sita. Alitaka mugeni asikie.

Nilitoka kwa Maliro na harufu ikanikamata ku kona ya lupango. Nilifurahi. Nikaingia, na kitu ya kwanza macho yangu iliona ni ndoo ya takataka, na maganda ya machungwa juu yake. Nilihesabu. Sita.

Hapa njo nilikuwa na nafasi. Nadège alikuwa anapakula. Nilikuwa naweza kumuita inje, kumuambia mu sikio, na yeye angeenda kumupigia dada yangu magoti mbele hajala kitu. Ingekuwa mubaya, lakini ingekuwa mubaya ya kweli. Mimi nikajisemea: machungwa ni machungwa. Ku soko kesho nitanunua ingine sita, kubwa zaidi, nani ataitambua. Nikakaa ku nafasi yangu, nikasifu bugali.

Kyakimwa alitoka mu chumba. Bénie akamupitishia maji ya kunawa. Nadège akaleta sahani, samaki moja muzima na mboga ya lenga-lenga pembeni, akaiweka mbele yake na mikono miwili, akarudi nyuma, akabakia amesimama. 

Dada yangu aliangalia ile sahani muda murefu. Mukono yake ikatoka mu kikwembe. Niliona mugongo ya mukono, na nikafikiri inaenda kusukuma. Lakini ikageuka. Akamega bugali, akafinyanga, akakata kipande ya samaki ku mugongo, penye hakuna mifupa, akatia mu kinywa.

Nadège alikaa chini palepale, ku simenti.

Dada yangu akakula tena. Akakula mara ya tatu. Akapangusa ile supu na bugali, akalamba kidole. Alimuuliza Nadège kama kazi ya kahawa inaumiza macho. Nadège akasema ndiyo, Mama, kiloko. Kyakimwa akamuambia aoshe macho na maji ya baridi asubuhi. Ile tu. Maneno ya bure ya mama na mutoto. Miaka saba Nadège alikuwa anaingoja, na ilikuja na mifupa ya samaki mu sahani, batoto banacheka, Sagesse amejipaka supu mpaka ku pua.

Kisha dada yangu akauliza, «Hii utamu yenye iko na uchungu ndani, inatoka wapi?»

Kasiksi ya Maliro ilikuwa mu kichwa yangu, na sifa ilikuwa mu mudomo yangu. Kazi yote ile ilikuwa yangu, simu za dimanche, ndimu, kila kitu, na hakuna mutu alikuwa amenishukuru.

«Ni machungwa yako, dada,» nikasema. «Ulifikiri ni nini?»

 Mukono yake ilisimama juu ya sahani, na bugali imefinyangwa tayari.

«Yote?»

Nadège alikuwa angali anacheka. «Yote, Mama. Ilikuwa na maji mingi, wasingya, aksanti. Ya muti gani?»

Dada yangu akarudisha ile bugali mu sahani. Aliangalia ndoo. Aliangalia batoto, mudomo yao inangaa.

«Ya muti ya Lusenge,» akasema. «Mara ya kwanza balimufunga mu mufuko, sikumuosha. Mara hii mumemupika na samaki.»

Hakulalamika. Alieleza tu, na sauti ya mutu mwenye amechoka na barabara, maji ya bésini, mbegu, miaka saba ya kuichunga, bambuzi basiikule. Nadège alisikiliza akiwa palepale chini. Aliposikia yote, aliniangalia mimi. Alikuwa anajua nani alimupokea dada yangu ku parking. Alingoja niseme. Na mimi, mwenye mudomo ya kuuza, nilikamata mufupa mu sahani na nikaanza kuinyonya.

«Ilikuwa pembeni ya moto, Mama,» akasema mwisho. «Niliikuta pembeni ya moto.»

«Najua vile banamuke ba jikoni ya équipe banafanyaka,» Kyakimwa akasema. Akanawa mikono. Alinawa murefu, mpaka ku viwiko.

Asubuhi yake akashika njia ya kurudi, hakungoja siku ya pili. Ku parking, motari akiwa anafunga mizigo, nilimuambia. Nilimuambia yote: ni mimi niliweka mufuko ku moto, ni mimi niliona maganda na nikanyamaza. Nilifikiri atanipiga. Nilikuwa nataka anipige.

«Najua,» akasema. «Nilikupatia wewe mufuko, si yeye. Nilijua toka jana.»

«Basi rudia umuambie. Ni pale tu, dakika kumi na moto.»

Alipanda, akapanga kikwembe yake. «Wewe ni ndugu yangu,» akasema. «Nikikuacha wewe, nabakia na nani? Yeye alikuja tu na ndoa.»

Moto ikaenda.

Nadège alikuwa ametosha mbegu mu passoire ya kuchuja maji, mbele ya kutupa maganda, kumi na tatu. Aliipanda mu mikebe ya margarine, akaipanga ku dirisha. Kumi haikutoka. Tatu ilitoka, iko na majani mitano mitano, na imesimama pale toka mwaka jana bila kuongeza kitu, juu Butembo ni baridi, na machungwa haipendi baridi. Kila mutu wa huku anajua ile. Yeye naye anajua. Anaimwangia maji asubuhi mbele ya kwenda ku kahawa, na akimaliza anaosha macho na yenye imebakia.

Juma tatu nikipita ananipikia samaki na tomati. Ni muzuri. Nakula, nasifu, nachokoza batoto. Yeye anajibu, hata anacheka siku ingine. Lakini hajaniuliza tena ndimu, na sahani yangu anaiweka na mukono moja.